Kodi Haikomi Siku Unapopanda Ndege

Mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako kwa utulivu. Kazi yako unaifanyia kwenye kompyuta, una hisa katika kampuni mliyoianzisha na wenzako, na unataka kuhamia nchi yenye kodi ndogo. Unauliza: ukishapata kibali cha kuishi huko, kodi ya nchi unayotoka si ndiyo imekwisha? Hapana. Kibali kinakuruhusu kuingia na kukaa. Kukutoa kwenye daftari la kodi la ulikotoka ni kazi nyingine kabisa, na nchi unayotoka ndiyo inayoamua, kwa sheria zake, kama kweli umeondoka. Kwa hiyo anza kusoma sheria za unakotoka. Viwango vya unakokwenda vitasubiri.

Utawasikia wengi wakitaja siku 183 za kukaa nchini kwa mwaka kana kwamba ni dawa ya kila kitu. Mara nyingi ukifikisha siku hizo unanaswa moja kwa moja, lakini kukaa pungufu yake hakukutoi. Chukua Uingereza. Mtu aliyekuwa mkazi wa kodi, yaani aliyehesabiwa kuwa mlipakodi wa huko, ndani ya miaka 3 ya kodi iliyotangulia anatoka bila maswali akikaa huko chini ya siku 16 kwa mwaka. Akizidisha hapo, zinahesabiwa siku pamoja na vifungo vilivyobaki: mwenzi au watoto wadogo, nyumba, kazi, na siku alizokaa miaka iliyopita. Akikaa kati ya siku 91 na 120, vifungo viwili tu vinatosha kumrudisha kwenye kodi. Siku yenyewe kwa kawaida inahesabiwa kwa kuwapo saa sita usiku: ukifika Jumatatu jioni na kuondoka Jumatano asubuhi, hizo ni siku 2. Na hili lisikie vizuri, kwa sababu linanihusu: kwa sheria hiyohiyo, nyumba ya mzazi iliyo wazi kwako siku 91 mfululizo inakuwa kifungo ukilala humo usiku 16 au zaidi katika mwaka. Chumba chako hakiondoki, lakini kila unapopanga kuja, hesabu kwanza.

Uraia nao uutazame. Marekani hutoza raia wake popote walipo, na Eritrea inawadai walio ng'ambo asilimia 2 ya kipato. Monaco haitozi wakazi wake kodi ya mapato, ila raia wa Ufaransa wanaohamia huko wanaendelea kulipa Ufaransa kwa mkataba wa 1963. Hispania humhesabu raia wake aliyehamia nchi iliyo kwenye orodha yake ya pepo za kodi, yaani nchi zenye kodi ndogo sana au zisizo na kodi, kuwa mkazi kwa mwaka ule wa kuhama na minne inayofuata. Sheria hizi zimetungwa kwa ajili ya watu wanaofikiria hilo unalolifikiria wewe.

Sasa hisa zako, maana hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Nchi kadhaa zina kodi ya kuondoka. Canada inachukulia kwamba siku unapoacha kuwa mkazi umeuza karibu mali zako zote kwa bei ya soko, hisa zikiwemo, na inakudai kodi ya faida. Ujerumani inafanya hivyo kwa mtu aliyekaa huko miaka ya kutosha na kumiliki angalau asilimia 1 ya kampuni. Ubaya wake ni kwamba kodi ni ya fedha taslimu, na wewe hujauza chochote. Hisa za kampuni changa hazina mnunuzi wa leo wala kesho, lakini zina thamani kwenye karatasi, na thamani hiyo mara nyingi inapimwa kwa bei ambayo mwekezaji wa mwisho aliingilia. Ndiyo maana kuondoka mwezi mmoja kabla ya kuingiza mwekezaji na kuondoka mwezi mmoja baada yake kunaweza kutofautisha deni lako kwa kiasi kikubwa mno. Tathmini ifanywe na mtaalamu, iandikwe tarehe ya kuhama, na ihifadhiwe. Ujerumani inakubali kulipwa kwa awamu 7 za mwaka, lakini kwa kawaida inataka dhamana. Omba mapema, kabla hujafunga sanduku.

Usifikiri pia kwamba ukishatoka unaweza kuuza hisa haraka na kurejea. Aliyekuwa mkazi wa Uingereza kwa muda mrefu akikaa nje miaka 5 au pungufu, faida ya mali aliyoondoka nayo inasubiri mlangoni na kutozwa mwaka anaorudi.

Ikitokea nchi mbili zote zinakudai kuwa mkazi, uliza kama zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Mikataba mingi inafuata ngazi: kwanza makao ya kudumu unayoweza kuyatumia, kisha mahali penye uzito wa maisha yako, yaani familia na maslahi ya kiuchumi, kisha unakokaa kwa kawaida, kisha uraia. Nyumba uliyoipangisha kwa mkataba wa kweli kwa mtu mwingine si makao unayoweza kuyatumia. Nyumba uliyoifunga na kubaki na ufunguo ni makao. Nchi nyingi zisizo na kodi zina mikataba michache, na pasipo mkataba hakuna ngazi ya kukuokoa.

Kwa mfano wa unakokwenda, tutazame Falme za Kiarabu, kwa kuwa umezitaja. Mshahara wa mtu binafsi hautozwi kodi, kweli. Lakini tangu Juni 2023 kuna kodi ya kampuni ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirhamu 375,000, na mtu anayefanya biashara kwa jina lake naye anaingia humo mauzo yakizidi dirhamu milioni 1 kwa mwaka. Ukazi wa kodi unapatikana kwa siku 183, au kwa siku 90 ukiwa na kibali pamoja na makao ya kudumu, au kazi, au biashara hapo. Kibali cha kawaida kinaweza kufutika ukikaa nje zaidi ya miezi 6. Ukitimiza masharti, omba cheti cha ukazi wa kodi kila mwaka. Wateja wako wa zamani watakiomba ili wapunguze kodi ya zuio, ile wanayoikata kabla ya kukulipa, kwenye malipo yako, na mamlaka ya ulikotoka itakiomba kwa sababu yake.

Angalia pia kampuni inaongozwa kutoka wapi. Ukiwa ndiye unayefanya maamuzi makubwa, kuhama kwako kunaweza kuihamisha kampuni nawe, au sehemu yake, machoni pa kodi, na wenzako wakajikuta na deni ambalo hawakulitarajia. Zungumza nao kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Benki nayo itakupa fomu ya kutaja wewe ni mkazi wa kodi wa nchi gani na namba yako ya mlipakodi. Nchi zaidi ya 100 hubadilishana taarifa za akaunti moja kwa moja. Ukiacha anwani ya zamani kwenye akaunti moja iliyosahaulika, benki hiyo inaweza kuitaarifu nchi uliyoiaga kwamba bado uko huko. Badilisha zote, hata yenye salio dogo.

Fungua faili leo. Weka nakala za tiketi na pasi za kupandia ndege, mihuri ya pasipoti, mkataba wa pango wa huko, bili za umeme, taarifa za benki zinazoonyesha matumizi ya kila siku mahali hapo, risiti ya mhamisha mizigo, barua ya kujiondoa kwenye daftari la wakazi ikiwa sheria inataka, na ritani ya mwisho, yaani taarifa ya mapato unayoipeleka kwa mamlaka ya kodi, yenye tarehe ya kuondoka. Wakaguzi huuliza baada ya miaka, na wanaamini karatasi.

Kwenye hesabu ya unachookoa, toa bima ya afya, ada za shule watoto wakija, pango, na akiba ya uzeeni ambayo sasa utaiweka mwenyewe. Huko Falme za Kiarabu mwajiri hulipa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo. Anayejiajiri hana wa kumlipa. Andika na wosia unaotambulika huko, kwa sababu mtu akifariki akaunti zake hufungwa mpaka mirathi ipite mahakamani.

Nitumie mambo manne: uraia ulio nao, asilimia ya hisa zako, tarehe mnayotarajia mwekezaji, na siku ulizokaa kila nchi kwa miaka 3 iliyopita. Usilipie pango la huko kabla hatujayapitia pamoja.

Nakupenda,
Mama yako