Kwa nini tarakimu zinalala kwenye safu wima ya Kijapani

Mkuu, umeuliza kwa nini tarakimu zako zinalala ubavu kwenye safu wima ya Kijapani, na nyingine zimeachana kana kwamba umegonga nafasi katikati. Yote mawili yalinikuta nilipopanga kurasa za kijitabu cha Wajapani wanaokuja kupanda Kilimanjaro.

Tuanze na hizo zilizoachana. Kompyuta ina seti mbili za 0 hadi 9. Hii tunayotumia sisi, Wajapani huiita hankaku, nusu-upana. Nyingine ni zenkaku: kila tarakimu inajaza mraba mzima, sawa na kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina. Kwa macho yote ni 5, ila kwenye Unikodi, orodha ya namba za herufi zote za kompyuta, moja ni 0035 na nyingine FF15. Mtafsiri wetu alikuwa anabadilisha kibodi mara kwa mara, basi bei moja ikaja 12000 na ya chini yake １２０００. Usihangaike kubana nafasi kwa mkono. Tafuta zenkaku zote kwenye maandishi ya mlalo, zibadilishe, ndipo upange.

Sasa kulala. Kwenye safu wima, hankaku hulazwa digrii 90 kama neno la Kiingereza, zenkaku husimama. Tarakimu ikiwa moja, weka zenkaku. Zikiwa mbili, tumia tate-chu-yoko, yaani mlalo ndani ya wima: mbili hizo zinakaa bega kwa bega kwenye nafasi ya herufi moja. InDesign, programu ya kupanga kurasa, inayo; na kwenye tovuti unazifunga ndani ya span (tagi ya HTML) yenye mtindo wa CSS text-combine-upright: all. Tatu zinakubali kama fonti ina tarakimu za theluthi-upana. Nne usijaribu. Mimi niliminya 5895, urefu wa mlima wetu, ikawa doa jeusi lisilosomeka. Nikaandika kwa namba za kanji, 五八九五メートル (mita 5895), safu ikatulia.

Hapo kwenye kanji kuna mtego ambao bado unaniuma. Tarehe 21 niliiandika 二一, yaani 2 na 1. Kwenye wima, 二 ilikaa juu ya 一, ikawa mistari mitatu, na msomaji anaona 三: tarehe 3! Mgeni angekosa gari. Andika 二十一, yaani mbili-kumi-moja. Mwaka ndio unaandikwa tarakimu moja moja, 二〇二四年, na sifuri yake ni 〇, si herufi O.

Ukikutana na 壱 (1) na 弐 (2), hizo ni za hati na fedha, kwa sababu 一 ukiiongezea mstari inageuka 二. Noti ya yeni 10,000 imeandikwa 壱万円. Kwenye kijitabu cha safari hazina kazi.

Jedwali la bei liwe la mlalo, uwashe tnum, kipengele cha fonti, ili tarakimu zote zilingane upana. Zikionekana ndogo mbele ya kanji, tengeneza fonti mseto (fonti moja ya kanji, nyingine ya tarakimu) ndani ya InDesign, uzikuze kidogo peke yake.

Ukikwama, weka hapa picha ya safu na jina la fonti, nitaitazama.