Uji hapana, maji ndiyo
Hapana dada, umeuliza kama mtoto wako anaweza kunywa uji asubuhi ya kutibiwa meno kule India kwa nusukaputi, yaani dawa ya kulaza usingizi: asinywe, hata ule mwepesi wa wimbi. Kwa nusukaputi uji ni chakula, na chai ya maziwa pia, kwa hiyo mwisho ni saa sita kabla ya kulazwa usingizi. Maji matupu anaweza kunywa hadi saa mbili kabla. Mimi ni muuguzi wa thieta (chumba cha upasuaji) hapa Kisumu na swali hili naulizwa kila wiki. Mtoto akilala usingizi wa dawa, koo halijilindi tena. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hilo ni hatari kweli.

Hospitali ya India ikikupa saa tofauti na hizi, fuata yao. Na uhesabu kwa saa za huko: wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu.

Lakini linalonihangaisha zaidi ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Huku kwetu kandokando ya ziwa ni nyingi, na kuna watoto wanaoishi nayo bila wazazi kujua. Kama hajawahi kupimwa, mpime kabla hamjakata tiketi, usafiri na majibu ya maabara mkononi. Akiwa nayo bado anaweza kutibiwa meno, ila daktari wa usingizi lazima ajiandae mapema: maji mwilini, joto, oksijeni.

Akipata homa au kikohozi wiki hiyo, wapigie hospitali kabla hamjapanda ndege. Na jino linalolegea, waambie.