Kabla ya Mashine, Nunua Daftari

Kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia. Anataka kuanza kusaga na kufungasha sembe, na swali lake ni moja tu: anunue mashine gani? Mdogo wangu, mashine tutazungumza siku nyingine. Gunia likiingia stoo kwako, utajuaje baadaye limeishia kwenye viroba vipi?

Jambo hili lina uchungu kwangu, sifichi. Kiwanda cha kwanza nilichofanyia kazi, Dar es Salaam, mahindi yalipokelewa kwa mdomo. Vibarua wanashusha, mwenye gari anataja idadi, mhasibu anaandika alichotajiwa. Mzigo ulipopungua, mimi niliyeshika funguo ndiye niliyekatwa mshahara. Sikuchukua hata kilo moja. Niliomba nionyeshwe karatasi ya magunia yaliyoingia, nikajibiwa kwamba stoo ni yangu, nijue mwenyewe. Nikalipa. Mpaka leo nikiona mtu anapokea mzigo bila kuandika, nachemka.

Ndiyo maana nilipokabidhiwa stoo ninayoisimamia sasa, nilianza na daftari. Kila shehena ina namba yake: tarehe, muuzaji, kijiji, uzito wa mizani, kipimo cha unyevu (yaliyozidi asilimia 13.5 hayavuki mlango wangu), na chaga, yaani jukwaa la mbao, yalipopangwa. Yakienda kusagwa, namba inaandikwa tena. Viroba vikishonwa, namba ileile inagongwa muhuri. Wenzangu walininung'unikia kwamba nachelewesha kazi. Niliwaacha wanung'unike.

Juzi duka moja likarudisha viroba, unga unanuka uvundo. Bosi akataka turudishe mzigo wote ulioko sokoni. Nikafungua daftari. Namba ya kiroba ikanipeleka kwenye shehena moja, shehena ikanipeleka kwenye chaga ya pembeni, na juu yake bati lilikuwa limeachia msumari, maji ya mvua yanadondoka. Kabla ya adhuhuri tulishayajua maduka yote yaliyopata unga ule, tukayapigia simu, ukarudi huo tu. Bosi alinishika mkono mbele ya wafanyakazi. Nilijivunia, na nilistahili.

Wala si suala la fedha peke yake. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 ikatufikia sisi, Dodoma na Manyara. Sumukuvu haiondoki kwa kusonga ugali. Mfungashaji asiyejua mahindi yake yametoka kwa nani atamjibu nini mama aliyewalisha wanawe unga wake?

Halafu kuna vidonge vya kufukizia. Hapo sina mzaha. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, inayoua mdudu na inayoua mtu. Kwangu vimefungiwa kwenye sanduku lenye kufuli, nje ya stoo, na vina daftari lao: nani kachukua, vingapi, turubai limefunikwa lini, limefunuliwa lini. Tangazo linabandikwa mlangoni. Mlinzi halali humo hata mvua inyeshe vipi, na hakuna anayeingia kushusha gunia kabla milango haijaachwa wazi na gesi ikatoka.

Basi andikeni, ndugu zangu. Mzigo ukiingia, andika. Ukihama chaga, andika. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ikija, irudishe: inamvunja kibarua mgongo na inavuruga hesabu yako kwa mara moja. Shirika la Kazi Duniani lilishapendekeza tangu 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja ukizidi kilo 55, zitafutwe njia za kuupunguza, nasi bado tunamtwisha mtu gunia la kilo 100 tukimwita shujaa. Mwenye kiwanda anayeona uvivu kuandika anawatafutia wenzake hasara, na siku moja msiba.

Nikienda likizo, ninayempisha tunahesabu naye magunia kwanza, kisha anapokea funguo na daftari kwa pamoja, na tunatia sahihi wote wawili.