Jibu: Miaka 47 na teknolojia zisizotulia

Ndugu yangu, umeuliza kama ukiwa na miaka 47 bado unaweza kwenda sambamba na vijana wanaojifunza zana mpya kila mwezi. Unaweza, ila usifukuzane na kila kinachotoka. Mimi nina 52 na bado naandika programu kila siku.

Tazama vilivyodumu: SQL (lugha ya kuulizia data kwenye hifadhidata) ni ya miaka ya 1970, lugha ya programu ya C ni ya 1972, Git (zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya programu) ya 2005. Muda wako mwingi upeleke huko.

Juzi mfumo wetu ulikuwa unakwama watumiaji wakiwa wengi, na wenzangu wakataka kubadilisha fremuweki nzima, yaani kiunzi ambacho programu imejengwa juu yake. Nikachukua amri moja ya SQL, nikaitangulizia EXPLAIN (neno linaloifanya hifadhidata ieleze itakavyoitekeleza amri), nikakuta inasoma jedwali zima mstari kwa mstari. Tukaongeza faharasa moja tu (orodha inayoelekeza data ilipo bila kusoma jedwali lote), mfumo ukatulia. Ujuzi ule nilioupata zamani haujazeeka hata kidogo.

Kipya kikikuvutia, usiishie kutazama video. Jenga kitu kidogo kwa mkono wako, hata saa mbili kwa wiki. Kijana akijua usichokijua, muulize bila aibu. Mimi huwauliza kila mara. Na kuza maandishi kwenye skrini (watu hulidharau hili), macho yatakushukuru.