Grand Canyon husomwa kwa magoti

Mara ya kwanza nilipofika Grand Canyon, korongo kubwa la Arizona, Marekani, nilisimama kwenye ukingo wa kusini, nikapiga picha, nikarudi Phoenix kifua mbele. Kumbe nilikuwa nimeona pazia tu. Safari ya pili nilishuka kwa njia ya Bright Angel. Shuka na wewe, hata kama ni kilomita moja.

Ila anza na Trail of Time, njia ya kutembea pale pale ukingoni. Kila mita ni miaka milioni moja. Mto Colorado umelichimba korongo hili kwa miaka milioni 5 au 6: hatua chache, umemaliza. Kuufikia umri wa mawe ya chini kabisa, miaka milioni 1,700 na zaidi, ni karibu kilomita mbili. Wengi huchanganya hapo. Mawe ni ya kale, korongo ni changa.

Ukishuka, kumbuka kwamba mwamba mgumu husimama wima kama ukuta, na ulio laini humomonyoka ukawa mteremko. Tabaka la juu kabisa ni Kaibab, chokaa iliyotuama baharini miaka milioni 270 iliyopita. Mimi niliyekulia Mombasa, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, sikushangaa kukuta alama za kombe ndani ya jiwe. Nilishangaa kuzikuta mita 2,000 na ushei juu ya bahari. Halafu huja matabaka mengine: Coconino, jiwe la mchanga jeupe, Hermit ya tope jekundu, na Supai.

Kwenye kibanda cha kupumzikia cha maili tatu uko juu ya tabaka la Redwall. Ukuta huu umetudanganya wengi. Ni chokaa ya kijivu. Wekundu ni kutu ya chuma iliyochuruzika kutoka matabaka ya juu yake. Tafuta palipobanduka karibuni, uone rangi yake halisi. Kwa macho tu, maana kubeba jiwe ni marufuku. Mwamba geu (uliobadilishwa na joto na shinikizo) wa Vishnu, kule chini mtoni, mimi nimeuona kwa darubini.

Maji beba mwenyewe, kwani mabomba ya njiani hukatika. Ulizia kabla ya kushuka. Kupanda kuhesabie muda mara mbili ya kushuka. Mimi sikuhesabu. Ilikuwa Juni, magoti yakagoma, nikakaa kivulini chini ya Coconino hadi saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo nilipoiona mistari ya mshazari ukutani: vilima vya mchanga wa jangwa la kale, vimegeuka jiwe, bado vimeinamia kule upepo ulikokuwa ukielekea.