Anza na Maji: Ushauri kwa Wanaoanza Kusoma Baiokemia

Mwanafunzi anayeingia katika somo la baiokemia hukabidhiwa, karibu kwa wakati mmoja, asidi amino 20, sukari zenye majina yanayofanana, lipidi, nukleotidi na michoro ya seli iliyojaa vishale, na jambo la kwanza analofanya, kama nilivyofanya mimi, ni kukariri. Sura ya maji, ambayo mara nyingi hutangulia zote, huipitia haraka kwa kudhani kwamba maji anayajua tangu utotoni. Nimelisoma somo hili na baadaye nikalifundisha kwa miaka mingi, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba sura hiyo ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu kuliko nyingine zote. Takribani asilimia 70 ya uzito wa seli ni maji, na umbo la karibu kila kitu kilichomo ndani yake linategemea jinsi kitu hicho kinavyopatana, au kisivyopatana, na maji hayo.

Anza na molekuli moja. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko hidrojeni, na kwa kuwa molekuli ya maji imepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5, upande wa oksijeni hubaki na chaji hasi hafifu na upande wa hidrojeni mbili hubaki na chaji chanya hafifu. Kama molekuli hiyo ingekuwa imenyooka, mivuto ya pande mbili ingebatilishana na maji yasingekuwa na ncha. Kutokana na ncha hizo, hidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani, na mvuto huo ndio bondi ya hidrojeni. Kuuvunja huhitaji takribani kilojuli 20 kwa moli, ilhali bondi inayounganisha oksijeni na hidrojeni ndani ya molekuli yenyewe huhitaji zaidi ya kilojuli 450. Usiuchukulie udhaifu huo kuwa kasoro. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, hushika molekuli, huibadilisha na kuiachia, na kisingeweza kuiachia kama kingeishika kwa bondi ngumu pekee.

Sehemu inayowapotosha wengi ni ile ya mafuta. Tumezoea kusema kwamba mafuta na maji hayapatani, nasi hufikiri kwamba molekuli za mafuta zinayasukuma maji mbali, jambo ambalo si kweli, kwa maana upo mvuto mdogo kati yake. Tatizo liko upande wa maji. Molekuli za maji zinazozunguka tone la mafuta haziwezi kufunga bondi nalo, hivyo hulazimika kujipanga kwa utaratibu fulani ili ziendelee kushikana zenyewe kwa zenyewe, na kwa kufanya hivyo hupoteza uhuru wa kugeuka huku na huku. Matone yakiungana, eneo linaloguswa na maji hupungua. Chukua michemraba minane yenye upande wa sentimita 1: ikiwa imetengana, nyuso zake zote ni sentimita za mraba 48, lakini ukiipanga iwe mchemraba mmoja wenye upande wa sentimita 2, nyuso za nje hubaki 24. Nusu ya mpaka imetoweka, na maji yaliyokuwa yamefungwa mpakani yamerudi kwenye uhuru wake. Mafuta hukusanyika kwa sababu hiyo, na ninamsihi kila anayeanza asilipite jambo hili kabla ya kuweza kumweleza mtu mwingine kwa maneno yake mwenyewe.

Akishalielewa, utando wa seli hauhitaji kukaririwa. Fosfolipidi, molekuli inayojenga utando huo, ina kichwa chenye chaji kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta isiyoweza kufunga bondi nayo; zikitiwa majini, hujipanga zenyewe katika tabaka mbili, mikia ikielekeana ndani na vichwa vikitazama nje. Unene wa utando huo ni takribani nanomita 5 tu, lakini ioni kama ya sodiamu haiwezi kuupenya hivihivi, kwa kuwa ingelazimika kwanza kuyaacha maji iliyoshikamana nayo. Ndiyo maana seli inahitaji milango ya protini.

Protini nazo hujikunja kwa sababu iyo hiyo hasa, sehemu zisizopatana na maji zikijificha ndani na zile zinazopatana nayo zikibaki nje. Mfano ninaouona kuwa bora kuliko wote ni ugonjwa wa seli mundu. Katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, asidi amino ya 6 ambayo ni glutamati, yenye chaji hasi, hubadilishwa na valini isiyo na chaji. Badiliko hilo hutokea juu ya uso wa protini, mahali panapoguswa na maji, na hivyo hemoglobini hubaki na kiraka kisichopatana na maji. Hemoglobini inapoachia oksijeni, kiraka hicho hupata mahali pa kujificha kwenye molekuli nyingine ya hemoglobini, nayo ya pili hushika ya tatu, mpaka nyuzi ndefu zinaunda mfumo mgumu unaoipinda seli nzima nyekundu ya damu. Maumivu ya mgonjwa yana chanzo kinachoweza kuelezwa kwa kanuni ya tone la mafuta.

Kuhusu pH, kipimo cha uasidi, jifunze mapema kuifikiria kama logi: ikishuka kwa 1, ioni za hidrojeni huongezeka mara 10. Damu yenye pH ya 7.4 ina takribani nanomola 40 za ioni za hidrojeni kwa lita. Ikishuka hadi 7.1, ambalo kwa macho ni badiliko dogo, kiasi hicho kimeongezeka maradufu. Bafa ndizo zinazozuia badiliko kama hilo, na njia nzuri ya kuzielewa ni kutumbukiza elektrodi ya kupimia pH katika chombo chenye bafa na kuongeza asidi tone kwa tone. Utaona namba ikisita kwa muda mrefu, ikisogea kwa 0.01 hivi kila mara, kisha bafa inapokwisha uwezo inaporomoka ghafla kwa matone machache tu. Bafa hufanya kazi vizuri ndani ya kipimo 1 hivi juu au chini ya pKa yake, yaani pH ambayo nusu ya asidi yake imeachia ioni ya hidrojeni, na ukweli huo una thamani kuliko fomula nyingi.

Nilijifunza kwa uchungu kwamba halijoto nayo ni sehemu ya hesabu hiyo. Nilitayarisha bafa ya Trisi, kemikali inayotumika sana kutengenezea bafa maabarani, katika maabara yenye nyuzi joto 25, nikairekebisha hadi pH 8.0 kwa uangalifu mkubwa, kisha nikaitumia kwenye chumba baridi chenye nyuzi 4, na kwa siku kadhaa sikuelewa kwa nini kimeng'enya changu hakikufanya kazi ipasavyo. pKa ya Trisi hupanda kwa takribani 0.028 kwa kila nyuzi inayoshuka, kwa hiyo bafa niliyoiamini ilikuwa karibu na 8.6. Tangu hapo hurekebisha pH katika halijoto ileile nitakayofanyia kazi, na nimewafundisha wanafunzi wangu wote kuandika halijoto kwenye lebo ya chupa.

Kabohaidreti na asidi za nukleiki hazitakusumbua sana ukifika hapo. Wanga na selulosi zote zimejengwa kwa glukosi, na tofauti kubwa iko kwenye mwelekeo wa bondi moja tu. Katika DNA, adenini na thimini hushikana kwa bondi 2 za hidrojeni, guanini na sitosini kwa bondi 3.

Jioni ya kwanza ya masomo, kabla ya kufungua orodha ya asidi amino, chora kwa mkono wako serini na valini, kila moja kwenye ukurasa wake. Zungushia duara kila atomu inayoweza kufunga bondi ya hidrojeni na maji, kisha amua ni ipi ingekaa juu ya uso wa protini na ipi ingejificha ndani. Halafu jiulize jibu lako lingebadilikaje kama protini hiyo ingekuwa imezama katikati ya utando, ambako majirani zake si maji bali ni mikia ya mafuta. Ukishapata majibu hayo, endelea na 18 zilizobaki.