Kama Mimba Yako Ni ya Kupandikiza, Mwambie Nesi Siku ya Kwanza

Dada zangu mliohangaika miaka mkitafuta mtoto, mkafika hadi Dar es Salaam kupandikiza, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa kwenye mji wa mimba, nawaomba jambo moja: siku ya kwanza ya kliniki, mwambie nesi mimba hiyo ilivyopatikana. Najua wengi tunaficha. Niliporudi Mbeya, wifi yangu alinisihi nisifungue mdomo, maana watu mtaani kwetu Uyole wana maneno, mtoto asije akaitwa wa maabara. Alikuwa ananilinda. Lakini siri hiyo ni ya kuwaficha majirani, si ya kumficha anayekupima presha.

Mimba ya kupandikiza ina hatari kubwa zaidi ya presha na kifafa cha mimba kuliko iliyokuja yenyewe. Hatari huongezeka ukibeba mapacha, yai likiwa la mwanamke mwingine, au kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kikiwa kiligandishwa kwanza kisha kikawekwa kwenye mji wa mimba ulioandaliwa kwa dawa za homoni. Tena wengi wetu tunaipata tukiwa tumeshavuka miaka 35, na ndiyo ya kwanza. Daktari akiyajua haya mapema, anaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo, ambayo husaidia zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16. Usijinunulie duka la dawa. Si kila mjamzito anafaa kuitumia.

Nilipomweleza nesi, hakushangaa hata kidogo. Alichukua kadi yangu, akaandika juu kabisa kwa wino mwekundu, akaniambia, "Mama, wewe kila ukija, presha na mkojo lazima." Mkojo hupimwa kuangalia protini, na ukiona siku hiyo wamekuruka, ulizia bila aibu.

Halafu kuna hii milima yetu. Ukishuka kwenye daladala ukapanda mpaka kliniki, ukawekewa kipimo papo hapo huku unahema, namba itapanda bure. Kaa kwanza dakika 5, egemea, usikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo. Ikisoma 140/90 au zaidi, irudiwe na daktari ajue. Ikifika 160/110, hiyo ni dharura, usirudi nyumbani. Na kama ulikuwa na presha tangu zamani, sema unatumia dawa gani, kwa sababu kaptopili na losartani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Zipo nyingine wanazobadilishia.

Uso na mikono ikivimba ghafla utaambiwa ni mtoto wa kiume. Jamani, tuache hiyo! Uvimbe huo, kichwa kisichotulia kwa panadoli, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia: nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Presha yangu ilipanda kweli, wakanizalisha kabla ya wiki 37. Mtoto alikuwa na kilo 1.9, na ulikuwa mwezi wa saba, mnaijua baridi ya Mbeya. Nilifundishwa kangaruu: mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, alale kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, kisha tufungwe kitenge na blanketi juu. Ukiweka kiganja mgongoni mwake unasikia joto likipanda. Mama mkwe, kwa upendo wake wote, alitaka awashe jiko la mkaa chumbani. Nikamwomba asiwashe, kwa sababu hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua hata mtu mzima, sembuse njiti. Badala yake tukapeana zamu ya kangaruu, na baba mtoto naye kifua wazi.

Wengi huniuliza kama kupandikiza ndiko kulikomfanya awe mdogo. Watoto wengi wa kupandikiza huzaliwa wazima kabisa. Wanaopata shida, mara nyingi chanzo ni kuwahi kuzaliwa, presha ya mama au kuwa mapacha. Ndiyo maana mtu akiniomba ushauri kabla hajapandikiza, namwambia azungumze na daktari wake kuhusu kuweka kiinitete kimoja.

Ukishajifungua, endelea kupima. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kuzaa, hasa siku za mwanzo, wakati kila mtu anamtazama mtoto na wewe unaambiwa kichwa kinauma kwa kukosa usingizi. Muulize daktari tarehe za kurudi kupimwa ndani ya wiki 6 za uzazi, na baada ya hapo pima presha walau mara moja kwa mwaka, kwa sababu aliyewahi kupata presha ya mimba ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha miaka ya baadaye.